Tofali la Kulala na Tofali la Ubavu

Jana tukihamisha kabati la nguo, binti yangu alisema, "Baba, tulisimamishe. Likigusa sakafu kidogo litavutika kwa urahisi." Nikalikumbuka darasa la sita nililofundisha kule Arua, Uganda, msimu wa mvua, na ubishi wa matofali: je, tofali lililosimama kwa ubavu huvutika kwa urahisi kuliko lililolala?

Zana zilikuwa chache: matofali mawili ya kuchoma, kipande cha gunia la posho, kamba, na mizani ya ndoano ya kilo 5 tuliyoazima kwa muuza nyama. Tofali la kuchoma lina upande laini na upande wa kukwaruza, kwa hiyo tulilivisha gunia na kulishona likabana. Bila hivyo unalinganisha nyuso mbili tofauti, na jibu halina maana. Mizani ya kuning'iniza ikilazwa, mshale hurudi nyuma ya sifuri, kwa kuwa uzito wa ndoano hauvuti tena springi. Irekebishe ikiwa imelala. Kamba ifungwe chini, karibu na sakafu, nao mkono uvute sambamba na sakafu. Ukivuta kwa kupandisha, unalibeba tofali kidogo na msuguano unapungua. Tena usisome pale linapoanza kung'oka, maana kuling'oa kunataka nguvu zaidi kuliko kuliendesha. Soma likishatembea, polepole, kwa mwendo usiobadilika.

Kabla ya kuvuta, kila mtoto aliandika ubashiri wake sakafuni kwa chaki. Hatua hii siiruki hata muda ukiwa mfupi. Mtoto asiyebashiri hutazama tu. Aliyebashiri ana jambo la kutetea. Karibu wote waliandika kwamba tofali la ubavu litakuwa jepesi kuvuta.

Msichana mmoja akapiga magoti, akavuta tofali lililolala. Uzito wake ulikuwa kilo 2.5. Mshale ukatulia kwenye kilo 1, yaani nyutoni 10 hivi. Akaligeuza likasimama kwa ubavu, akafagia vumbi kama tulivyokubaliana, akavuta tena. Kilo 1. Hakuna aliyesema neno, halafu wakasema wote kwa pamoja. "Mizani imeharibika, Mwalimu!" Mvulana aliyekuwa karibu akaichukua kamba, akavuta mwenyewe, macho hayatoki kwenye mshale. Kilo 1. Akatazama maandishi yake ya chaki, akatazama tofali, akavuta tena.

Basi tukaijaribu mizani. Tofali la pili likapandishwa juu ya la kwanza, mshale ukaenda kilo 2. Mizani ilikuwa nzima. Uzito ulipozidi maradufu msuguano uliufuata. Upana wa mguso ndio uliokataa kuhesabiwa.

Mwaka 1699 mwanafizikia Mfaransa Guillaume Amontons aliwaeleza jambo hilohilo wasomi wa Akademia ya Sayansi ya Paris, nao hawakulikubali mara moja. Gunia na sakafu havigusani kila mahali, vinagusana kwenye vijinundu tu. Tofali likilala, vijinundu vinavyolibeba ni vingi na kila kimoja kimebanwa kidogo. Likisimama ni vichache lakini vimebanwa sana, vikabonyea. Jumla ya mguso wa kweli inabaki karibu ileile.

Mwisho tuliweka mabua ya mtama chini ya tofali yaviringike kama magurudumu, nayo yalifanya kazi upesi: mshale haukufika hata nusu kilo. Yawe ya unene mmoja tu, la sivyo tofali linakwenda upande.

Kisha mvulana yule akanyoosha mkono. "Mwalimu, mjomba wangu wa boda akifika kwenye tope hupunguza upepo wa tairi ili ipanuke. Kama upana hausaidii, anapunguza kwa nini?"

Jibu lipo. Kwenye tope kinachoshindwa ni udongo wenyewe, na tairi pana huzama kidogo. Juu ya hayo mpira ni laini, hunyumbuka ukaingia kwenye mashimo ya barabara, wala haufuati kanuni ya tofali sawasawa. Nilimjibu la tope na kuliacha la mpira, kwa kuwa kanuni walikuwa wameipata dakika chache tu zilizopita, tena kwa shida. Mpaka leo sijaamua kama mtoto wa darasa la sita apewe kanuni na mipaka yake siku moja, au aachwe kwanza aiamini. Mvulana yule alikwishaufikia mpaka wenyewe.