Kando ni kando

Kuna maneno manne yamenikaa kichwani tangu Jumatatu: si ulikuwa unapita tu. Nimelala nayo, nimeamka nayo, nimeyanywa na chai ya rangi pale kazini. Jana nilipokuwa nagonga bolti nikasikia hata nyundo inayasema, nikasimama katikati ya njia kama mtu aliyesahau alikotumwa.

Nyar Kano mnamjua. Ni yule niliyemwandika mwezi wa pili, siku ile nilipowaambia kwamba katika kipande changu cha reli ninachokitunza huku Kisumu, kabla hujafika Kisian, kuna mama anayeanika omena kwenye reli, utadhani Mwingereza alibeba chuma chote kile kutoka Mombasa ili yeye apate uchaga. Mlicheka. Nilijua mtacheka. Sentensi ile niliigeuza mara tatu kabla ya kuituma, na kila nilipoigeuza neno "kwenye" lilibaki palepale, kwa sababu bila hilo haichekeshi. Mmoja wenu wa Mumias akauliza kama omena wa reli hutoka pale tayari wamekaangwa. Mwingine akataka bei ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Nilikesha na simu nikiwajibu hadi mama watoto akanigeuzia mgongo na blanketi lote.

Basi Jumatatu nikapita. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na kokoto zilikuwa bado nyeusi kwa maji, kwa hiyo hakuwa ametandaza nyavu zake. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, beseni mapajani, anachagua omena: nyasi za ziwani huku, vigamba vya konokono huku. Mikono yake hufanya kazi hiyo bila kutazamwa. Nikamsalimu kwa Kijaluo changu cha kuombea maji ya kunywa. Kwa kawaida hucheka, hunirekebisha, kisha hunijibu polepole kwa lugha yake kama anayemlisha mtoto. Safari hii akanijibu kwa Kiswahili. Hapo tu ningejua.

"Ni wewe uliniandika?"

"Ni mimi, mama."

"Ukasema naanika juu ya reli."

"Nilisema kwenye reli. Nilimaanisha kando."

"Kando ni kando," akasema. Akatoa kigamba, akakitupa. "Mjukuu alinisomea mbele ya wenzangu. Alisoma mara mbili. Ya kwanza alisoma vizuri. Ya pili alikuwa anacheka."

"Nisamehe, mama. Sikuwa na nia mbaya."

"Sasa nikusamehe nini, Baba Reli? Si ulikuwa unapita tu."

Kisha akaniuliza kama nachukua. Nikasema nachukua, gorogoro moja, wale waliokauka wa wiki iliyopita. Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo linalonikosesha usingizi kuliko maneno yenyewe. Miaka mitatu nimenunua kwake. Miaka mitatu, akishajaza gorogoro mpaka linafanya kilima, humimina kwenye mfuko, halafu mkono wake hurudi kwenye gunia peke yake na kuongeza konzi moja. Sijawahi kuomba niongezwe. Jumatatu alijaza, akapitisha kiganja juu ya mdomo wa mkebe, kilima kikaanguka kikarudi guniani, akanimiminia, akafunga mfuko fundo. Mkono haukurudi. Nikamlipa, akanirudishia chenji yangu mpaka shilingi kumi ya mwisho.

Tangu hapo mambo mengine yamepita: Jumanne usiku maji yalisomba kokoto upande wa Koru tukaitwa gengi nzima tukalala huko siku mbili, mdogo wangu wa Yala kajaliwa pacha, na ile barua ya kuajiriwa rasmi niliyoingojea miaka sita imefika. Mama watoto ameitia kwenye karatasi ya plastiki. Mimi niko na gorogoro lililosawazishwa.

Nimeyasema maneno yale kwa kila sauti. Ukiyasema ukitabasamu, ni yale unayomwambia mtoto aliyekanyaga mkeka wako kwa miguu ya matope: nenda zako, si ulikuwa unapita tu. Ukiyasema huku umeinama juu ya beseni, ni ya kumwambia mtu aliyefika matangani, akala, akaondoka bila kuuliza marehemu ni nani. Yeye aliyasema akiwa ameinama. Lakini alikuwa ameinama tangu mwanzo, anachagua omena! Nimemwigizia mama watoto mara nyingi hadi akaweka mwiko chini.

"Umeshasamehewa," akasema. "Sasa unataka risiti?"

"Hakuniongeza."

Akanyamaza kidogo. Kumbe alipokuwa akiwaosha aliona. "Na mimi nilisema leo wamepungua," akasema, akarudi kwenye sufuria.

Alhamisi usiku, tumerudi kutoka Koru, matope mpaka kwenye nyusi, simu ikalia. Alikuwa mzee wa Nakuru. Wale wa zamani mnamkumbuka: mstaafu wa reli aliyenikosoa nilipoandika kwamba taruma, lile linalolazwa chini ya reli, ni taruma tu, akaniambia nikagonge la chuma kisha nigonge la mbao ndipo nizungumze. Hatujawahi kuonana. Hufungua mazungumzo kwa njia moja tu:

"Habari za huko tawini?"

Huo ni utani wake na haumchoshi. Kwake yeye Nakuru ndiyo shina, kwa kuwa njia kubwa inatokea pale, inapanda hadi Timboroa, inashuka Eldoret, inaenda zake Malaba na Uganda. Kisumu ni kijitawi. Nami humjibu kwamba reli ilifika kwetu Desemba 1901, wakati huo tukiitwa Port Florence, na Nakuru ilikuwa mahali pa kupita tu. Njia ya Eldoret ilikuja miaka ya 1920, ikaifikia Kampala 1931. Tawi lilizaliwa kabla ya shina, mzee. Hucheka mpaka akakohoa. Usiku ule nilimjibu hivyohivyo, ila nilipofika kwenye "kupita tu" sauti ikanikwama, naye masikio yake bado ni ya mtu wa reli. Akauliza kuna nini.

Nikamweleza yote, pamoja na kiganja juu ya mkebe. Nilitegemea anipe hadithi ya zamani zake, maana anazo nyingi, za nguo zilizoanikwa nyuma ya nyumba za wafanyakazi na madereva waliopiga honi kwa sababu zisizo za kazi. Hakunipa. Aliuliza swali la kazi.

"Ulipima?"

"Kupima nini?"

"Wewe unatembea na geji begani. Mama anasema kando, wewe umesema kwenye. Ulipima?"

Sikuwa nimepima. Mimi, ninayelipwa kuhakikisha kwa fimbo ile ya kupimia kwamba kutoka chuma hiki hadi chuma kile ni mita moja, si zaidi wala si pungufu, niliandika kwa kukisia.

Halafu akaniambia jambo jingine, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Macho yake yamekwisha, siku hizi ni binti yake anayemsomea maandiko yangu. "Kwa hiyo wewe," akasema, "mimi nakusikia kwa sauti ya mwanamke. Tena mwenye haraka, ameacha sufuria jikoni. Kuna siku unanifurahisha sana na kuna siku unaboa, na sijui ni wewe au ni ugali unaungua."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Nikacheka mpaka mama watoto akachungulia. Nililala vizuri usiku ule, naapa. Ni furaha ya ajabu kujua kwamba huko Nakuru, nyuma ya mlango nisioujua, naongea kwa sauti ya binti wa watu mwenye haraka. Miaka hii yote nimedhani nyinyi mnanisikia mimi, sauti hii hii yenye kikohozi cha vumbi la breki. Nikawaza vilevile kuhusu Nyar Kano. Hakuwahi kunisikia akilini mwake nikimtania kama ninavyomtania njiani. Alimsikia mjukuu wake aliyemlea, akimcheka mbele ya wanawake anaogawana nao nyavu. Mzaha wangu uliufikia mlango wake ukiwa na mdomo wa mtoto wake mwenyewe.

Kwa hiyo jana, Ijumaa, nikaenda kupima.

Jua lilikuwa limetoka kali baada ya mvua zile. Nyavu kuukuu zilikuwa zimetandazwa, omena wametapakaa juu yake, wanameta kama mtu amemwaga sindano. Na niseme ukweli, mahali pale ni pazuri kwa kazi ile. Kokoto hazishiki maji, zinabaki na joto hata wingu likipita, na omena hawapati mchanga. Ukiwaanika kwenye udongo wakanyeshewa, bei inashuka, wanaishia kuwa chakula cha kuku. Nyar Kano hakuwepo. Nikaegemeza nyundo, nikachukua geji, nikailaza chini kuanzia ubavu wa reli kuelekea nje. Ilipoishia, wavu ulikuwa bado haujaanza. Nikaongeza kwa mkono. Geji moja na shubiri mbili.

Kando.

Nilikuwa bado nimepiga magoti, shubiri ya pili iko chini, nilipoona miguu. Mvulana wa miaka kumi na moja hivi, bado na sare ya shule, fimbo ya kufukuzia kunguru mkononi. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Mdomo ule ule.

"Unapima ili watuondoe?"

Jamani.

Nikamwambia hapana, nilikosea mahali nilipoandika, nataka kurekebisha. Akaitazama geji, akaitazama nyundo, akaitazama jaketi yangu ya rangi ya machungwa. Nilijiona kama alivyokuwa akiniona. Mwaka juzi walikuja watu wenye jaketi kama hii na chokaa, wakapima, na wiki iliyofuata vibanda vya chini kule havikuwepo.

"Sasa utatuandika tena?" akauliza.

"Nikiandika, nitaandika mlikuwa kando."

Akafikiri. "Basi usiandike," akasema, akamrushia kunguru jiwe.

Nami nimeandika, mnaona. Nimekaa na simu hii tangu asubuhi, nikafuta, nikaandika tena. Kosa lilitoka hadharani na sijui njia ya kulirekebisha faraghani. Lakini kuna neno jingine ambalo sikumwambia mtoto, na mzee wa Nakuru pia hakulisema ingawa analijua vizuri kuliko mimi: geji moja na shubiri mbili ni karibu mno. Behewa ni pana kuliko reli zake, linaning'inia nje pande zote mbili, na mtu anayeinama pale kuokota omena wakati gari linapita hana nafasi ya kukosea. Kazi yangu ilikuwa kumwambia asogee tangu mwaka wa kwanza. Sikumwambia. Magari hupita mara chache, nilijisemea, naye husikia honi. Na konzi ile ilikuwa ikinifunga mdomo kila wiki, tuseme tu. Kwa hiyo nilimwacha mahali pa hatari kwa miaka mitatu, halafu siku niliyofungua mdomo nikatoa mzaha. Ndiyo sababu sitawatajia ni kwenye nguzo ipi kabla ya Kisian, na anayejua naomba akae nayo.

Siku zenyewe hazipo. Aprili mosi uvuvi wa omena unafungwa hadi mwisho wa Julai, wazaliane, na Nyar Kano hufunga nyavu zake akaenda Kano kulima mpaka Agosti. Nina wiki moja na nusu. Nimewaza kumpelekea sukari. Mama watoto anasema sukari itafanya ionekane kuna kosa kubwa kuliko lililopo. Nimewaza kwenda kumwambia tu asogee, shubiri tano, sita, na nimsaidie kubeba zile nyavu. Lakini mtu aliyekucheka jana akija leo kukwambia sogea, utamsikiaje? Jumatatu napita tena, sina njia nyingine, reli haina mchepuko. Nitamsalimu kwa Kijaluo na nisikilize atajibu kwa lugha gani.

Kabla sijaweka simu chini. Kitinda mimba wetu, leo nilipokuwa naandika haya, nilimwita mara tatu kutoka mlangoni naye amekaa hatua nne kutoka nilipo, anachora. Nikadhani ni ukaidi. Mara ya nne akageuka, lakini aligeuza kwanza sikio la kulia, kisha uso. Nikamwita mama watoto aje atazame, tukajaribu tena kimyakimya, mimi nikisimama upande wa kushoto na kusema jina lake kwa sauti ya kawaida. Penseli haikusimama. Ana miaka sita, na Januari alikuwa na ile homa. Kliniki ya masikio ni Jumanne, na sasa tunakumbuka, mimi na mama yake, siku zote tulizomgombeza kwa kutoitika.