Kozi ileile, chuo kingine

Wengi mmeniuliza kwa nini sikwenda kile chuo binafsi nilichokuwa nakitaja tangu kidato cha sita. Ni ada tu, ndugu zangu. Barua ya udahili ilipokuja, mama alijumlisha ada, bweni, bima ya afya na michango yote, kisha akasema, "Mwanangu, hata tukiuza kiwanja hatufiki mwaka wa tatu." Kiwanja chenyewe ndicho alichotuachia marehemu baba. Sikukubali kiguswe.

Sasa nipo Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kozi ileile. Ni chuo cha umma, na Bodi ya Mikopo imenipa sehemu ya ada na fedha ya kujikimu. Kinachobaki mama anakimudu. Nalala hosteli ya chuo, sipangi chumba mtaani wala silipi nauli kila asubuhi. Hilo watu wengi hawalihesabu, na ndilo linalomaliza wanafunzi!

Wadogo zangu mnaosubiri dirisha la udahili, ombeni mchanganuo wa gharama za mwaka mzima, mkae na wazazi mjumlishe. Na waliofiwa na mzazi, cheti cha kifo kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kabla dirisha la mkopo halijafunguliwa.