Jinsi nilivyoinyamazisha mita ya spidi ya pikipiki yangu

Ilianza kulia mwendo ukifika 30 hivi. Mlio mwembamba, kama wa kifaranga kilichopotezana na mamake, na kadiri nilivyovuta mafuta ndivyo ulivyopanda. Nilipokuwa nikishuka mlima wa Riat kurudi Kisumu niliiweka nyutro, injini ikatulia, na mlio ukaendelea vilevile. Basi injini haikuhusika. Kilichokuwa kikilia kilizungushwa na gurudumu. Na sindano ya mita nayo haikukaa mahali pamoja: mara 40, mara 65, ilhali mwendo wangu haukubadilika.

Pikipiki yenyewe ni ya Kijapani, injini ya cc 125, kuukuu, niliyoichukua kwenye mnada. Inanipeleka Kakamega na kunirudisha, na mara nyingi inaniingiza kwenye njia za ndani za Vihiga ambako vumbi jekundu halina adabu. Kila fundi niliyemwonyesha, kuanzia Kondele hadi Kibuye, alinipa dawa ileile: “Mwalimu, ng’oa hiyo kebo utupe. Nani huangalia mita?” Nao hawakukosea sana. Tembea stendi yoyote ya bodaboda hapa mjini uone ni mita ngapi zimelala kwenye sifuri. Lakini yangu haina geji ya mafuta. Kilomita ndizo geji yangu. Kwa hizo najua lini nitageuza koki kwenda rizavu, yale mafuta ya akiba, na lini oili imechoka. Nikiikata kebo nitabaki nikitikisa tangi na kubahatisha.

Fundi mmoja alitaka kuniuzia mita nyingine, iliyotoka kwenye pikipiki ya aina tofauti. Nilikataa kwa sababu ya maandishi madogo yaliyo kwenye uso wa mita yangu, chini ya namba: 60 km/h = 1400 rpm. Maana yake ni kwamba waya wa ndani ya kebo ukizunguka mara 1400 kwa dakika, sindano isome 60. Mwendo wa 60 ni kilomita moja kwa dakika, kwa hiyo kila kilomita waya huo huzunguka mara 1400. Safari ya Kisumu hadi Kakamega, kilomita 50 hivi, ni mizunguko 70,000, kwenda tu. Mita iliyopangiwa hesabu nyingine ingenidanganya mwendo na kilomita pia. Halafu ukishaijua hesabu hiyo huulizi tena kwa nini kitu kikavu kinalia.

Mita za aina hii ni mambo ya zamani. Otto Schulze wa Strasbourg, mji uliokuwa chini ya Ujerumani wakati huo, aliipatia hataza mwaka 1902, na kanuni yake haijabadilika. Gia ndogo kwenye gurudumu la mbele huzungusha waya. Waya huzungusha sumaku ndani ya mita. Sumaku imezungukwa na kikombe chepesi cha alumini, na hivyo viwili havigusani kabisa. Sumaku ikizunguka huzua umeme ndani ya kikombe, na umeme huo hukivuta kikombe kifuate. Kispringi chembamba hukizuia kisizunguke mzimamzima, nacho kikombe ndicho kinachobeba sindano. Kilomita huhesabiwa na gia nyingine ndogo zinazoshikana na mhimili wa sumaku.

Kwa hiyo mlio ungeweza kutoka mahali patatu: kwenye gia ya gurudumu, kwenye kebo, au kwenye mhimili wa mita. Kununua spea kabla ya kujua ni wapi ni kumtajirisha mwenye duka. Nilifungua nati ya kebo pale juu kwenye mita, nikaacha ncha yake ikitazama juu, nikaifunika kwa karatasi ya nailoni na kuifunga kwa uzi, kisha nikapanda nayo kutoka Mamboleo hadi Kiboswa. Kimya. Kulikuwa na mkwaruzo wa chini sana tu, wa kusikika ukiwa umetega sikio, lakini kile kifaranga hakikuwepo. Mlio ulikuwa wa mita. Sindano inayorukaruka ni hadithi nyingine, hiyo kwa kawaida ni kebo: waya mkavu hukwama kidogo, hujisokota, kisha hujiachilia kwa ghafla, na sindano inaruka nao.

Nilianza na kebo kwa kuwa ndiyo rahisi. Niliifungua na chini pia, nikauvuta waya wa ndani. Grisi yote ilikuwa imeganda, nyeusi, imechanganyika na unga wa kutu. Niliuosha kwa petroli mpaka kitambaa kikatoka safi, nikaulaza juu ya sakafu ya simenti na kuuviringisha kwa viganja. Waya ulionyooka hubingirika bila ncha kupiga piga chini. Wangu ulibingirika vizuri, na pembe nne za ncha zake zilikuwa bado kali, hazijalika. Kama zingekuwa zimeviringika ningenunua kebo mpya bila kubishana na mtu.

Kosa lilikuwa kwenye njia ya kebo. Mtu aliyewahi kuitengeneza taa alikuwa ameibana kebo kwenye mguu wa shokamzoba kwa kamba ya plastiki, akaikunja pale kona kali. Waya unaozunguka mara 23 kwa sekunde hautaki kona. Nilikata ile kamba, nikaipitisha kebo kwenye pete yake ya asili, nikageuza usukani kushoto na kulia hadi mwisho, kisha nikakandamiza mbele ya pikipiki kwa uzito wangu wote nikiangalia kama kebo inavutika. Haikuvutika.

Grisi niliipaka kidogo, na sehemu ya juu ya waya, kama upana wa kiganja na nusu, nikaiacha kavu kabisa. Hili mafundi wengi hawalijali. Waya umesukwa kwa mzunguko, na ukizunguka hupandisha grisi taratibu kama parafujo mpaka iingie kwenye mita. Ikifika kati ya sumaku na kikombe imevifunga pamoja. Sindano itapaa hadi mwisho wa namba na kukaa huko hata ukiwa nyuma ya punda.

Gia ya gurudumu sikuikawiza. Niliishusha, nikaisafisha, nikatia grisi kiasi cha kufunika meno tu, kwa sababu kwenye pikipiki hii gia hiyo inakaa kwenye sahani ya breki ya mbele. Grisi ya ziada itapata njia ya kufika kwenye viatu vya breki, na mita tulivu haina faida kwa mtu asiyeweza kusimama. Wakati wa kurudisha, hakikisha masikio ya gia yameingia kwenye nafasi zake kwenye gurudumu kabla hujakaza ekseli. Ukikaza yakiwa nje utayaponda.

Ikabaki mita. Nati mbili za spana namba 10, balbu ya taa ikatoka na soketi yake, na mita ikawa mkononi. Niliuzungusha mhimili kwa ncha ya waya wa zamani, na nilisikia kwa vidole jinsi ulivyokauka. Oili ya injini ni nzito mno kwa kazi hii, na zile dawa za kupuliza za kopo hukauka baada ya muda mfupi zikaacha mambo vilevile. Nilimwendea mama mshonaji jirani yangu, akanipa oili ya cherehani kwenye kikopo chake chenye mdomo mrefu. “Unashona pikipiki siku hizi?” aliniuliza.

Niliipindua mita uso chini, nikadondosha tone moja pale mhimili unapoingia kwenye mwili wa mita. Nikauzungusha polepole, nikangoja. Tone la pili nilitia baada ya la kwanza kunyonywa. Hapa haraka ndiyo inayoharibu, kwa sababu oili ikizidi inateleza hadi kwenye kile kikombe, na balaa ni lilelile la grisi. Halafu nikafunga kipande cha waya wa kebo kuukuu kwenye drili, nikaizungusha kwa mwendo mdogo upande ule unaopandisha sindano. Upande huo ujue kwanza kwa vidole. Mwanzoni mlio ulisikika, ukakatakata, ukaisha. Sindano ilipanda taratibu ikakaa. Nilipangusa kila kilichobaki, nikaiacha mita usiku kucha ikiwa imesimama kama inavyokaa kwenye pikipiki, kitambaa chini yake, ili cha kuchuruzika kichuruzike.

Nilipoirudisha nilikwenda nayo hadi Chavakali, simu ikiwa na programu ya kupima mwendo. Sindano ikisoma 60, simu inasoma 55 au 56. Huo si ugonjwa. Mita hutengenezwa zisije zikasoma chini ya mwendo halisi, ndiyo maana nyingi husoma juu kidogo. La muhimu ni kwamba sasa ikisoma 60 inabaki 60.

Asubuhi za baridi bado inanong’ona kwa kilomita ya kwanza, kisha inanyamaza. Ningeweza kukunjua ule mdomo wa bati unaoshika kioo, niifikie beringi yote na kuisafisha kwa ndani. Nimeuchunguza. Bati ni jembamba, limeliwa na kutu upande mmoja, na likipasuka maji ya mvua za Aprili yataingia moja kwa moja kwenye namba za kilomita. Nimeliacha lilivyo, na kikopo cha oili ya cherehani nimekinunua changu.