Anwani ya Mama wa Hesabu

Juzi binti yangu alifungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye ruta yetu ya nyumbani, akakuta simu mbili zenye jina moja, akaniuliza ruta inajuaje ipi ni yake na ipi ni ya kaka yake. Nilimjibu kwamba ruta haitegemei majina bali anwani, naye akauliza papo hapo: je, anwani nazo zikifanana? Nikaikumbuka ile ofisi ya mawakala wa forodha, Barabara ya Samora, kabla sijaanza kujitegemea.

Nilipoitwa pale, hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa. Kila asubuhi printa kubwa ya kwenye korido ilipotea mtandaoni na nyaraka za mizigo zikakwama, na wakati huohuo, kwenye laptopu ya mama wa hesabu peke yake, kilitokea kijisanduku cha ujumbe kilichoeleza kwamba kompyuta nyingine inatumia anwani ileile ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao. Kwa kuwa ujumbe ulitokea kwake, kosa nalo likawa lake. Meneja aliamua kwamba laptopu ina virusi, ikapelekwa kwa fundi Kariakoo kupigwa Windows upya, baadhi ya mafaili ya hesabu yakapotelea huko, na iliporudi ujumbe ukatokea kama kawaida. Wenzake walizoea kupaza sauti kutoka chumba cha pili, "Mama, zima hiyo mashine yako tuchape!" naye akizima.

Kabla ya kugusa chochote nilikwenda nyuma ya printa nikanakili anwani yake ya kiwandani, ile yenye tarakimu na herufi 12 ambazo sita za mwanzo humtambulisha mtengenezaji. Kisha nikamwamkia mama, nikaketi pembeni ya meza yake, nikafungua laptopu yangu na kuiita kwa amri ya ping anwani iliyokuwa ikigombewa, 192.168.1.60, halafu nikaandika arp -a ili nione ni nani aliyeitikia. Ilikuwa printa. Nikafuta jedwali la majibu hayo, nikaita tena. Safari hii ikaandikwa anwani ya kiwandani ya laptopu ya mama. Nikafuta, nikaita, ikarudi printa. Mama, ambaye alikuwa amejifanya yuko na stakabadhi zake, aliinama akachungulia.

"Mwanangu, hapo unaniona mimi?"

"Nakuona, mama, lakini humo hauko peke yako."

Nilimwomba achomoe waya wa mtandao. Alisita, akauliza iwapo na mimi nimekuja kumzima kama wengine, lakini hatimaye akauchomoa na kubaki ameushika. Majibu yalikatika kidogo, kisha yakaanza tena, mstari kwa mstari, kutoka anwani ileile inayosemekana kuwa yake, ilhali waya wake ulikuwa unaning'inia mkononi. Aliutazama waya, akaitazama skrini yangu, kisha akasema kwa sauti ambayo nina hakika aliikusudia ifike chumba cha pili: "Kumbe!"

Itifaki ya ARP, ambayo iliandikwa mwaka 1982, haina namna ya kuhakiki anayesema kweli: kompyuta huuliza mtandao mzima ni nani mwenye anwani fulani, na wakijibu wawili, kwa kawaida wa mwisho ndiye anayeaminiwa. Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu hapo, kwa sababu ni kiwanja kimoja chenye hati mbili.

Na hati zote mbili zilikuwa na asili yake. Fundi aliyenitangulia aliiandikia printa anwani hiyo kwa mkono, bila kuitoa katika fungu ambalo seva ya DHCP, ile inayovigawia vifaa anwani, iliruhusiwa kuligawa. Printa ilizimwa kila jioni. Mama, ambaye alitoka Mbezi alfajiri kukwepa foleni, alikuwa wa kwanza kuwasha kompyuta. Seva ikatazama daftari lake, ikaona anwani haijakopeshwa mtu, ikampa. Saa mbili mhudumu aliwasha printa, nayo ikarudi kukaa ilipozoea kukaa. Kwa hiyo aliyelaumiwa ndiye pekee aliyepewa anwani kwa utaratibu.

Niliihamishia printa kwenye anwani iliyo nje ya fungu, nikarekebisha rekodi ya jina lake kwenye DNS, daftari linaloonyesha jina lipi lina anwani ipi, nikadhani nimemaliza. Mchana wenzake mama wakalalamika kwamba folda ya hesabu, iliyokuwa kwenye laptopu yake, haifunguki. Kumbe jina la laptopu ya mama nalo lilikuwa limeandikwa kwa mkono zamani, likielekeza kwenye anwani yake ya zamani, ambayo sasa haikuwa na mtu, na rekodi ya namna hiyo haisafishwi na seva yenyewe hata ikichakaa. Niliifuta, nikazunguka meza kwa meza nikiandika ipconfig /flushdns ili kila kompyuta isahau ilichokariri, na hilo likaisha.

Meneja alipoelezwa alisema, "Basi ilikuwa printa," akaendelea na mambo ya makontena. Kuhusu mafaili yaliyopotelea Kariakoo hakuna aliyesema neno, na mimi, mgeni niliyekuwa nikisubiri kulipwa, sikuona pa kuanzia. Sijui hata leo kama ilinipasa.

Mama alinishukuru, ila nilipopita tena pale nilikuta akija ofisini huwasha printa kwanza, husubiri imalize kunguruma, ndipo afungue laptopu yake. Nilimweleza kwamba haina haja tena. Alinijibu kwamba anajua, na akaendelea. Kitaalamu sikuwa na la kumpinga: laptopu inayopewa anwani huuliza kwanza kama kuna anayeitumia, na laiti printa ingekuwa macho mapema, ingeitika, na laptopu ingeikataa anwani ile tangu siku ya kwanza.