Tumwombee nani, na kwa sauti gani

Jumamosi usiku, Novemba

Kesho Misa ya kwanza inaongozwa na jumuiya yetu ndogo ya Kikristo. Masomo yamepata wasomaji, matoleo wamechukua akina mama wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), na maombi ya waamini, yale yanayosomwa baada ya mahubiri na kanisa zima likaitikia, kama kawaida, yamebaki kwa katibu, ndiye mimi. Asubuhi tulipomaliza sala niliacha daftari mezani kwa mwenyeji wetu, nikasema mwenye nia yake, jambo analotaka liombewe, aandike. Wengi hawapendi kuandika mbele za watu, kwa hiyo nimerudi na daftari tupu na mfuko wa shati umejaa vikaratasi. Kimoja kimeandikwa nyuma ya risiti ya mbolea.

Paroko ametupa masharti: maombi yasizidi matano, na kila moja lisomeke kwa pumzi moja. Huwa anasema Mungu hana haja ya taarifa ya habari. Anasema hivyo kwa sababu anatujua. Kuna ombi lililosomwa hapa parokiani likianza na "Ee Bwana, kama ulivyosikia wiki hii," likaendelea mpaka watoto wa Utoto Mtakatifu wakachoka kusimama, wakakaa. Yapo pia maombi ambayo ni matangazo yaliyovalishwa kanzu: "Utujalie moyo wa kulipa zaka kabla ya mwisho wa mwezi kwa viongozi wetu wa kanda." Halafu yapo ya kurushiana mawe. Siku moja msomaji wa jumuiya jirani alisoma: "Tuwaombee wenzetu wanaokopa kwenye kikoba na kusahau kurejesha." Mlengwa alikuwa benchi la tatu upande wa wanawake. Kanisa zima likaitikia "Twakuomba utusikie" kwa nguvu ambayo hata mkesha wa Pasaka sijaisikia.

Mpangilio wenyewe naupenda. Unaanza na mahitaji ya Kanisa, unafuata viongozi wa serikali na wokovu wa ulimwengu, halafu wote wanaoelemewa na shida, na mwisho kabisa jumuiya ya mahali pale. Sisi wenyewe tunakuja nyuma ya watu wote. Vikaratasi vyangu, bila shaka, vimegeuza mambo: karibu vyote vinaanza na sisi, na Papa hajakumbukwa hata na mmoja. Huyo nitamwongeza mwenyewe.

Si jambo jipya hili la kusimama na kuomba pamoja. Mtakatifu Yustino Mfiadini, alipoeleza kule Roma katikati ya karne ya 2 jinsi Wakristo wanavyosali siku ya Jumapili, alitaja kwamba baada ya masomo na mawaidha wote husimama na kutoa maombi. Baadaye desturi hiyo ilififia kwenye Misa za kawaida kwa karne nyingi, ikabaki kwa ukamilifu wake Ijumaa Kuu, hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulipoirudisha kwa hati ya liturujia, yaani ibada, ya tarehe 4 Desemba 1963. Ina maana bibi zetu huku Umatengoni, kusini mwa Tanzania, waliofundishwa dini na Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898, walihudhuria Misa ya Kilatini wakiwa na rozari mkononi na shida zao kifuani, na hapakuwa na mahali ambapo katibu wa jumuiya angesimama aseme kwa Kimatengo au Kiswahili: Ee Bwana, mtoto wa fulani anaumwa.

Ijumaa Kuu ndiyo ninayoionea wivu. Maombi ni kumi, na kila moja lina hatua zake: nia inatajwa, watu wanapiga magoti, kimya, halafu padri anakusanya yote kwa sala. Kile kimya ndicho kinachofanya kazi. Jumapili hatukipati. Msomaji anamaliza sentensi, watu wanaitikia kabla hajafunga mdomo, tunakimbilia ombi lingine kwa sababu wa Misa ya pili wameshaanza kujaa nje.

Sasa nirudi kwenye vikaratasi. Nimevipanga kitandani mafungu mawili. Fungu la kwanza lina majina: vijana wetu walio kwenye mtihani wa kidato cha nne, mmoja mmoja, na mzazi mwingine ameongeza mpaka namba ya shule. Ndoa ya mwezi ujao. Safari ya kwenda Dar kutibiwa mguu. Bei ya kahawa. (Juu ya bei ya kahawa paroko aliwahi kutuuliza: na mnunuzi, naye si Mkatoliki? Akiomba ishuke, Mungu amsikilize nani? Hatukuwa na jibu, lakini tumeendelea kuomba ipande.)

Fungu la pili limeandikwa maneno mawili tu: "nia maalumu." Ni kubwa kuliko la kwanza.

Siwezi kusema ninajua yaliyomo yote, lakini kijiji ni kijiji. Mwandiko wa mtu ninaujua. Mume anayerudi usiku wa manane akiwa amelewa hawekwi kwenye fungu la majina. Mimba isiyoshika haiwekwi. Binti aliyekwenda mjini kufanya kazi za ndani na simu yake haipatikani tena, haiwekwi. Malaria tunaitaja kwa jina na kwa furaha, kisukari siku hizi kimeanza kutajika, ila yapo magonjwa ambayo mtu atakwenda nayo kaburini na jumuiya ikimwombea kwa "nia maalumu" miaka yote hiyo. Mtihani, harusi, safari na ujenzi wa nyumba ni shida za watu wanaoendelea vizuri. Ndizo zinazopata kipaza sauti.

Mwenyekiti wetu ana dawa yake: ukikutana na nia maalumu, andika "tuwaombee wote wenye shida mbalimbali" basi, umewamaliza. Mimi sikubaliani. Ombi la namna hiyo unaweza kuliitikia huku unafikiria maharage uliyoacha jikoni. Halimgusi mtu yeyote, hata aliyeliomba. Lakini kumtaja mtu kwa jina nako, kwenye kanisa ambalo shemeji yake, mdai wake na mwalimu wa wanawe wote wamo, ni kumwanika. Ninachojaribu ni kuitaja shida kwa karibu na kumwacha mwenyewe mbali. Kwa yule mama wa binti, baada ya kukatakata sana, nimeandika hivi: "Kwa wazazi ambao usiku huu hawajui watoto wao wamelala wapi, uwalinde watoto hao kwa watu wema, na uwape njia ya kurudi nyumbani." Najua mama yule atajisikia. Najua pia kwamba kanisani kutakuwa na wazazi wengine watatu au wanne ambao sikuwafikiria, na kila mmoja atadhani katibu ameambiwa siri yake.

Msimamizi wa jumuiya yetu ni Mtakatifu Monika, na akina mama wanamchukulia kama shangazi wa ukoo. Mwafrika mwenzetu, mzaliwa wa Tagaste, mji ulio Algeria ya leo. Alimlilia mwanawe Augustino miaka na miaka, mpaka askofu mmoja aliyechoshwa na kufuatwafuatwa naye akamwambia aende zake, kwani mtoto wa machozi kama hayo hawezi kupotea. Augustino akabatizwa Milano, Pasaka ya mwaka 387. Wahubiri wanapenda kutuambia habari hiyo kwa ajili ya machozi. Mimi napenda pale askofu anapochoka. Inanifariji kujua kwamba hata watakatifu walisumbua ofisi za kanisa.

Ofisi ikanikumbusha: ndani ya karatasi moja nimekuta noti ya shilingi elfu moja iliyokunjwa mara nne. Karatasi ina jina la mwanamume aliyefariki zamani. Ni ya bibi wa nyumba ya juu kwenye mteremko, mjane. Amechanganya mambo mawili, ombi la waamini na nia ya Misa, ile inayoandikwa kwenye daftari la ofisi na kutangazwa mwanzo wa Misa. Kumrudishia noti angeona nimeikataa sadaka yake. Nitaipeleka kwa katekista kesho mapema, jina liandikwe. Ila linaniuma kwamba wazee wengi wanaamini bila noti marehemu wao hasikiki. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 945, inawahimiza mapadri waadhimishe Misa kwa nia za waamini, hasa maskini, hata pasipo kupokea chochote. Na kanuni ya 534 inamfunga paroko: kila Jumapili na kila sikukuu ya amri ni lazima atoe Misa moja kwa ajili ya watu wote aliokabidhiwa. Yaani kila Jumapili ipo Misa ya bibi huyo, ambayo haina bahasha, na hajawahi kuambiwa. Ningekuwa mimi paroko, hilo ningelitangaza kabla ya matangazo ya michango. Lakini mimi si paroko, na paa la kigango kweli linavuja.

Mwezi wenyewe ni wa marehemu. Tangu tarehe 2 kikapu cha bahasha kipo mbele ya altare, kila familia na orodha yake, zingine zimeandikwa mpaka nyuma. Kesho, kando ya kikapu hicho, zitawekwa mbegu za kubarikiwa, maana mvua iko mlangoni. Nimeona zoezi hili tangu utotoni na bado napenda kusogea kuangalia watu wameleta nini. Mahindi ya kienyeji kwenye kibuyu. Maharage kwenye kopo la rangi. Mbegu za dukani, zenye ile rangi ya waridi ya dawa, pakiti haijafunguliwa. Mwaka jana mzee mmoja alileta mfuko mzima wa mbolea ya ruzuku begani, akautua chini puu, akasema bila baraka hata mbolea haisaidii, tena ameisumbukia kuliko mbegu. Padri akainyunyizia maji ya baraka kama vingine. Kwenye ngoro zetu, mashimo yale yanayoshikilia udongo mteremkoni, mvua ikizidi ni shida na ikipungua ni shida, kwa hiyo ombi la mvua lazima liwe na kipimo: mvua ya kutosha, kwa wakati wake.

Chimbuko la maombi ya mashambani ni mbali sana na hapa. Katika karne ya 5 Askofu Mamerto wa Vienne, kwenye Ufaransa ya leo, aliwatoa watu wake kwa maandamano na mfungo siku tatu kabla ya Kupaa Bwana, mji ukiwa umeandamwa na majanga. Ulaya wakaendelea hivyo, kwao ni majira ya kuchipua. Kanuni za kalenda za mwaka 1969 ziliyaachia mabaraza ya maaskofu yapange wakati na namna kulingana na mahali, nasi huku tungefanya nini na mbegu mwezi Mei, wakati tunaanza kuchuma kahawa?

Katika kitabu cha altare ipo sehemu nzima ya Misa kwa ajili ya mahitaji mbalimbali. Paroko aliwahi kuniruhusu niipitie sakristia. Kuomba mvua imo, na kuomba mvua ikome. Wakati wa njaa, wakimbizi, wafungwa, wanaokaribia kufa, tetemeko la ardhi. Bado inaongezwa: mwaka 2020 ilitoka ya wakati wa ugonjwa ulioenea duniani kote, na mwaka 2025 ya utunzaji wa uumbaji. Nilikuwa nafungua haraka haraka mpaka nikafika kwenye Misa kwa ajili ya wanaotutesa. Nikasimama hapo. Kwenye vikaratasi vyote nilivyokusanya tangu nipewe ukatibu, nia hiyo sijaiona. Tunaomba tuokolewe na maadui, tunaomba husuda zituepuke, lakini adui mwenyewe abarikiwe, mazao yake yakue? Hiyo nia hata kwenye fungu la "maalumu" haimo.

Mimi nina wangu. Tunagombea mpaka wa shamba, shauri liko kwenye baraza la kata, na tangu kiangazi tukikutana njiani kila mmoja anaangalia mibuni yake. Anasali Misa ya kwanza. Upande wa kulia, karibu na kwaya. Amani ya Kristo tunapeana na watu wote isipokuwa sisi kwa sisi, na hilo kanisa zima limeshaliona.

Kwa hiyo leo nimeandika ombi: "Kwa wale tusiosalimiana nao, uwajalie afya, na mvua ya kutosha kwenye mashamba yao." Nimelisoma kwa sauti, mke wangu akauliza kutoka jikoni kama naumwa.

Tatizo ni hesabu. Kanisa na Papa, moja. Serikali na amani ya nchi, mbili. Wazazi wasiojua watoto wao walipo, tatu. Mbegu na marehemu nimewaunganisha kwa shida, nne. Wagonjwa na vijana wa mtihani, tano. Hilo la jirani ni la sita, na la bei ya kahawa ni la saba. Mwenyekiti ametuma ujumbe muda huu anakumbusha: "Katibu, matano tu. Paroko alishasema."

Nimewaingiza wagonjwa ndani ya ombi la wazazi, vijana nimewahamishia kwenye lile la nchi, na jirani amepata nafasi ya tano. Kahawa nimeiondoa. Minada imekwisha kwa mwaka huu, na atakayenidai ombi lake nje ya kanisa nitamwambia aombe nyumbani kwake.