Siku moja ya kuchapa fulana nyumbani, Kirumba, Mwanza

Oda ya leo ni fulana 20 za kwaya, bluu ya giza, maandishi meupe mgongoni. Zote pamba tupu. Za mchanganyiko wa poliesta zikipata joto, rangi ya kitambaa hupanda juu ya wino na weupe unageuka samawati.

Saa 12 asubuhi. Skrini, yaani fremu iliyowambwa neti ya kupitishia wino, inaoshwa kwa sabuni ya vyombo na sponji laini. Fremu ni sentimita 50 kwa 60, neti ni 43T, yaani nyuzi 43 kwa sentimita. Herufi ndogo sana zingetaka 77T, ila wino mweupe ni mzito na huko hupita kwa shida. Ikishaoshwa neti haiguswi tena. Mafuta ya vidole tu yanatosha kuifanya emalsheni, dawa inayopakwa kwenye neti na kugandishwa na mwanga, isishike.

Saa 1. Mapazia yamefungwa, taa ni ya njano. Emalsheni inapakwa mkono mmoja nje, mmoja ndani, iwe nyembamba. Fremu inalazwa, upande unaogusa fulana ukitazama chini, feni inawashwa. Umeme ukikatika hapa, siku imeharibika: kwa unyevu huu wa ziwani, hasa kama mvua imenyesha alfajiri, saa mbili za kukausha huwa nne. Gusa pembeni kwa mgongo wa kidole. Ikiwa ya baridi au inanata, subiri. Iliyokauka juu na kubaki mbichi ndani itatoka yote kwenye maji.

Saa 4, kuchoma skrini, yaani kuiweka juani ili emalsheni igande kote isipokuwa palipofunikwa na weusi wa mchoro. Hapa ndipo kazi ilipo, mengine ni mkono tu. Mchoro uko kwenye plastiki angavu, umechapwa kwa leza nakala mbili zikabandikwa moja juu ya nyingine, maana weusi wa leza huvujisha mwanga. Chini sponji lenye kitambaa cheusi, kisha skrini, plastiki, na kioo cha milimita 5 cha kukandamiza. Ukitazama kutoka upande wa wino, maandishi yasomeke sawa. Wengi hukosea hapa na kugundua kwenye fulana ya kwanza.

Jua la Mwanza halina masihara, na kila emalsheni ina muda wake. Kwa hiyo pima kwanza kwenye skrini ya zamani: funika kwa kadibodi, uisogeze kila sekunde 30 mpaka dakika mbili. Palipopata mwanga kidogo huteleza kama kamasi ukiosha. Palipozidi, mistari myembamba ya herufi haifunguki. Wingu likipita katikati ya kuchoma, hesabu yote imevurugika. Ukimaliza, kimbiza kivulini, lowanisha pande zote, ngoja dakika moja, kisha fungua herufi kwa maji ya kupuliza taratibu. Ikikauka irudishe juani ikomae.

Saa 7. Kingo zinazibwa kwa selotepu, fremu inafungwa kwenye bawaba. Sarafu chini ya kila pembe ya mbele, ili neti ikae milimita 2 au 3 juu ya kitambaa. Isipoachia yenyewe baada ya kuvuta wino, maandishi hupata ukungu pembeni.

Saa 8. Madirisha yafungwe, joto livumiliwe: upepo wa ziwa umeshaanza na wino wa maji hukaukia kwenye neti. Baada ya kila fulana, inua fremu kidogo na usambaze wino juu ya mchoro bila kukandamiza. Skwiji, ile mpira ya kuvutia wino, isimame karibu wima, uvute mara moja kwa nguvu ileile. Ikilala, wino unamwagika nje ya herufi. Mkono mmoja wa wino hautoshi kwenye bluu. Kausha kwa drayara bila kusogeza fulana, kisha rudia.

Saa 11. Wino ukishakauka kabisa, pasi ya umeme kwenye alama ya pamba, bila mvuke, karatasi ya kuokea katikati, dakika 3 hadi 5 kila moja. Pasi ya mkaa ina joto la kutosha, tatizo ni jivu kwenye weupe. Fulana moja inafuliwa kwa majaribio kabla ya kufunga mzigo.

Saa 1 usiku. Wino uliobaki unarudi kopoani. Maji ya kuoshea yanawekwa kwenye ndoo yatuame, kwa sababu mitaro ya huku inaishia ziwani. Dawa ya kutoa emalsheni isiachwe ikauke kwenye neti: ikikauka, neti hiyo haifunguki tena.