Ndege wa Mida na kamera mbili mezani

Jumapili, usiku

Kamera mbili zimekaa mezani tangu Ijumaa, nami nataka moja ya kupigia picha ndege. Ifikapo Jumatano, moja lazima irudi kwa mwenyewe na nyingine ilipiwe. Ya kwanza ni Nikon Coolpix P950 ya mwaka 2020. Lenzi yake haitoki, na zumu yake ni mara 83: inaanzia upana wa milimita 24 na kufika 2000. Mwenzangu kazini anaiuza kwa kuwa anahama. Ya pili ni D7000 ya shemeji yangu, DSLR (kamera ya kioo inayobadilishwa lenzi) iliyotoka 2010 na ambayo imepiga harusi za Mombasa na Kilifi mpaka juzijuzi, pamoja na lenzi yake ya Nikkor 70-300 yenye VR, yaani kituliza mtikisiko. Bei zimekaribiana, kwa hiyo pesa haiwezi kuniamulia.

Shemeji alipoileta yake aliiona ile nyingine, akatikisa kichwa. "Shemeji, hiyo ni ya watalii. Sensa yake hata ukucha wa kidole kidogo unaishinda."

Kuhusu sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga wa picha, hana kosa. Ya P950 ina milimita 6.2 kwa 4.6, ya D7000 ina 23.6 kwa 15.6. Ukizidisha, eneo la ile ya pili ni takriban mara 13 ya eneo la kwanza, na zote mbili zimejaziwa megapikseli zilezile 16. Kila pikseli ya P950 imebanwa mno.

Jana nilishuka nazo Mida, hori la bahari karibu na Watamu, kabla jua halijachomoza ili nijionee. Kwenye mikoko, hatua chache kutoka nilipokuwa, alikuwapo mdiria ametulia juu ya mzizi. Kulikuwa bado na kiza. Nikaipandisha D7000 hadi ISO 1600 (ISO ni wepesi wa kamera kuitikia mwanga) nikampiga, kisha nikachukua P950 nikampiga tena kwa ISO ileile. Nimezifungua picha hizo kwenye kompyuta leo mchana. Ya D7000 ina chembechembe, lakini unyoya wa kifuani unaonekana mmojammoja, na jicho lina nuru yake. Ya P950, manyoya yameyeyuka yakaungana, na samawati ya mgongo imebaki doa moja tu. Kwa ndege wa karibu kwenye mwanga hafifu hakuna mashindano hapo. Ningekuwa mtu wa kwenda Arabuko-Sokoke kila asubuhi, ndani ya msitu ambako jua halifiki chini, ningelipia ya shemeji leo leo.

Ila mimi ndege ninaowafuata zaidi hawako msituni. Wako kwenye matope ya hori, na wengi wao nawatazama kwa ajili ya miguu yao.

Watu wa A Rocha Kenya, walioko Watamu, wamekuwa wakiwavisha ndege wa Mida pete miguuni, na baadhi ya pete hizo zina rangi ili mtu aweze kuzisoma bila kumkamata ndege tena. Anayenishughulisha kuliko wote ni Dromas ardeola, ndege mweusi kwa mweupe mwenye mdomo mzito wa kuvunjia kaa. Huyu hazalii kwetu. Anazalia kwenye pwani na visiwa vya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, ndani ya shimo analolichimba mwenyewe mchangani, na humo hutaga yai moja tu. Kisha anakuja huku kukaa miezi ya kaskazi. Ndege anayetaga yai moja kwa mwaka anastahili kuhesabiwa, kila mmoja wao. Nikisoma pete yake vizuri, nimepata habari ya safari nzima, kutoka shimo la mchangani hadi Mida. Nikikosea rangi moja, nimemwandikia ndege mwingine maisha yasiyo yake.

Na ndege huyu hasubiri mtu. Maji yakipwa anasambaa mbali na wenzake kufuata kaa. Ukimsogelea kwenye matope, ndege wote wanaruka, na umewakatiza chakula. Kwa hiyo mita 100 ndio umbali wa kawaida, na mara nyingi ni zaidi ya hapo.

Hapo ndipo nilipoketi na karatasi. Ule urefu wa 2000 unaoandikwa kwenye P950 ni wa kulinganishia na kamera za filamu ya milimita 35. Urefu halisi wa lenzi yake ni milimita 357. Lenzi ya shemeji ni 300. Kwa glasi yenyewe hazijaachana sana. Chukua pete yenye kimo cha milimita 10, ndege yuko mita 100. Kwenye sensa ya D7000 pete hiyo inaangukia pikseli kama sita kwenda juu. Kwenye P950 inaangukia kama 26. Sita hazikupi rangi ya uhakika pete mbili zikiwa zimepandana mguuni. Nimelijaribu jana na nilichopata ni michirizi. Hizo 26 si zote zina kazi, kwa sababu tundu la lenzi la f/6.5 (urefu wa lenzi ukigawanywa kwa 6.5) linautawanya mwanga kiasi na pikseli ndogo hivyo haziwezi kutumika zote kikamilifu. Lakini hata ukikata nusu, bado unasoma.

Kisha kuna jambo ambalo sikuwahi kulisikia likitajwa na wapiga picha ninaokaa nao, nalo ndilo lililonikesha jana. Gawanya 357 kwa 6.5, unapata milimita 55. Gawanya 300 ya shemeji kwa 5.6, kwani lenzi yake mwishoni ni f/5.6, unapata 54. Huo ndio upana wa mlango ambao mwanga wa ndege unapitia. Ni uleule! Kwa ndege yule wa mbali, zumu zote zikiwa mwisho, kamera hizi mbili zinapokea kutoka kwake mwanga unaokaribia kulingana kabisa. Sensa kubwa ya D7000 imejaa matope na maji yanayomzunguka. Kile kipande kidogo alichosimama ndege hakijapata neema yoyote ya ziada. Ukubwa wa sensa unakulipa pale ndege anapoijaza, kama yule mdiria. Akiwa mbali, huna unachopata.

Nilimpigia shemeji nikamweleza. Alinyamaza kidogo akasema, "Basi nunua D7000, halafu utafute lenzi kubwa." Ni jibu la mtu anayejua kazi. Nikkor 200-500 ya f/5.6 ina mlango wa milimita 89, na hapo P950 inaachwa mbali. Uzuri wa D7000 ni kwamba ina mota ndani ya bodi, kwa hiyo hata lenzi za AF (za kujifokasi) za miaka ya nyuma, zisizo na mota zao, zinafokasi zenyewe. Kifungio cha lenzi cha Nikon kiitwacho F kipo tangu 1959. Lenzi za mitumba ziko tele. Nimelifikiria kwa dhati. Lakini 200-500 ina uzito wa kilo 2.3 peke yake na bei yake ni zaidi ya kamera hizi mbili kwa pamoja. Mimi natoka Gede kwa bodaboda, natembea, nasimama saa nyingi. P950 nzima ina kilo moja. Na kamera ambayo lenzi yake inayofaa nitainunua siku moja hainisomei pete msimu huu.

Jingine ni kuvu. Ijumaa usiku nilizima taa, nikawasha tochi ya simu, nikaielekeza nyuma ya lenzi ya shemeji huku nikichungulia kwa mbele. Kioo cha nje kisafi kabisa. Ndani, ukingoni mwa kioo kimojawapo, kuna nyuzi nyeupe mbili tatu, fupi, zimeanza kutambaa kuelekea katikati. Bado hazijaharibu picha. Pwani hii lenzi ikilala miezi kwenye begi la kitambaa hilo ndilo linalotokea, na DSLR ina nafuu yake: lenzi ikiugua unaibadilisha, bodi inabaki. P950 ikipata kuvu ndani, ndiyo kamera yenyewe imepata. Nitainunulia kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vifuko vya silika vya kufyonza unyevu, na vifuko nitavikausha kila vikilowa.

Mapungufu mengine ya P950 nayajua na nayakubali. Ndege akiruka, kioo chake cha kuchungulia kinachelewa kidogo, na ukimshikia kitufe inapiga picha 10 kwa kasi ya 7 kwa sekunde kisha inasimama kuziandika kwenye kadi. D7000 inapiga 6 kwa sekunde, na macho yako yanamwona ndege mwenyewe kupitia kioo. Betri pia: kwa vipimo vya Nikon, P950 inatoa takriban picha 290, D7000 inatoa 1,050. Na saa tano mchana joto likianza kupanda kutoka kwenye matope, hewa inachezacheza mpaka pete inayumba, na hapo milimita 2000 hazina msaada wowote kwa mtu. Hiyo ni saa ya kurudi nyumbani kwa kamera yoyote.

Basi nachukua P950. Nitaiweka kwenye RAW, picha ghafi isiyochakatwa na kamera, ambayo P900 iliyoitangulia haikuwa nayo, na ISO haitavuka 400. Ile tripodi yangu upepo wa kaskazi unaitetemesha, kwa hiyo nitashona kifuko cha maharage cha kuilaza lenzi juu ya ukingo wa daraja la mbao. Kidole kitakuwa kwenye kile kitufe cha ubavuni kinachorudisha zumu nyuma kwa muda. Bila hicho, ndege akisogea hatua mbili kwenye 2000 unampoteza, unabaki kutafuta mguu ndani ya hori nzima. Na sitamfuata ndege. Nitatangulia kufika maji yakiwa yamepwa kabisa, nikae, nisubiri yaanze kujaa yawasogeze wenyewe upande wangu. Bamvua ijayo, yaani maji makuu, ni wiki mbili kutoka sasa.

Mwenzangu nitamwomba anitilie na ile betri ya pili. Shemeji nitampigia kesho mapema kabla hajatoka, nimwambie D7000 aitafutie mteja wa harusi, kwani huko ndiko inakoweza kazi, na ile 70-300 aitoe kwenye begi, aipeleke kwa fundi ikafunguliwe kabla nyuzi hazijafika katikati.